Kadi ya Rosember

Harufu ndiyo iliyotangulia. Eneida Cantillo alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta yake, saa ile ya mchana ambayo mji mzima wa Mompox hufunga milango na kulala kulikimbia joto, akasikia harufu ya tope la mto. Nyumba iliyo ukingoni kunuka mto si ajabu. Lakini kilikuwa kiangazi, mto Magdalena umerudi nyuma mpaka mchanga wake unaonekana, na ile ilikuwa harufu ya tope bichi, tope la mafuriko. Akakagua jikoni, akakagua uani. Hamna kitu. Akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa riwaya. Maisha yake yote alifundisha lugha, na alipostaafu alijiapiza kuandika kitabu kimoja tu kabla hajafa: kitabu cha kaka yake. Rosember alikuwa sonara, kijana mcheshi, mpaka asubuhi wenye bunduki walipoisimamisha boti aliyopanda, wakamteremsha yeye peke yake. Hakuonekana tena, mzima wala maiti. Mama yao, Ubaldina, alikataa katakata kuweka matanga.

"Matanga ni ya wafu," alisema. "Nionesheni maiti kwanza."

Miaka ikapita, macho yake yakapofuka, na nguo nyeusi hakuivaa.

Ndani ya riwaya, Rosember angekuwa hai. Eneida alinunua programu ya kuandikia vitabu, akaanza kupanga kabla ya kuandika hata sentensi moja. Folda ya sura, folda ya mahali, folda ya wahusika, na kila mhusika ana kadi yenye maswali ya kujaza. Katika kadi ya Rosember alibandika picha yake ya shati la manjano. Umri: hamsini na ushee. Nywele: zimeingia mvi. Kazi: sonara, ana duka mjini Barranquilla. Anapenda: peremende za mapera. Alipofika kwenye swali, "Anataka nini?" akashindwa kujibu, akaliacha wazi. Folda ya rasimu nayo ilibaki tupu. Kila siku alisema ataanza kesho, na kila siku akaongeza neno kwenye kadi ile, kwa maana alipoijaza alijiona kama mtu anayemtandikia ndugu yake kitanda.

Siku iliyofuata ile harufu, alifungua kadi akakuta swali lile limejibiwa. *Kuingia ndani.*

"Uzee huu," alijisemea, "naandika na kusahau." Hakufuta.

Mchana huohuo alimsikia mama yake akicheka chumbani. Kicheko cha chini, cha mama anayetaniwa na mwanawe. Eneida akasukuma mlango. Bibi alikuwa peke yake kwenye kiti chake cha kubembea.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na kaka yako. Ati ameota mvi! Nimempapasa kichwa." Uso wake ulikuwa umekunjuka, Eneida hakuwahi kuuona hivyo tangu yeye na kaka yake wakiwa watoto. "Na ana duka Barranquilla, mwanangu. Mimi niliwaambia. Si niliwaambia?"

Eneida alishika fremu ya mlango. Habari ya duka hakumwambia kiumbe yeyote. Na pale mbele ya kiti, juu ya vigae, palikuwa na maji yenye tope.

Alirudi mbio kwenye kompyuta, akaifuta kadi, akaifuta na folda nzima ya wahusika, akaondoa hata vilivyobaki kwenye pipa la taka. Kesho yake mchana, alipoiwasha tena, folda ilikuwa mahali pake, picha ya shati la manjano ikimtazama, ila sasa lile shati lilikuwa limelowa na kuganda kifuani, na jibu la swali limebadilika. *Mama aje.*

Akaita, "Mama?" Kiti kilikuwa kinabembea bila mtu. Akatoka peku, jua la utosini likimchoma, akapita milango iliyofungwa na madirisha yaliyofungwa, hakuna wa kumwita, hakuna hata mbwa, akapiga kona ya ukuta wa mto na kuliona gauni la mama yake kule chini kwenye ngazi za mawe, bibi kipofu asiyevuka hata barabara bila kushikwa, anashuka polepole, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama anayeongozwa, maji yamekwishamfika magotini, na vidole vya mkono ule vimejikunja kuzunguka kitu ambacho Eneida hakukiona lakini alikisikia, kikipumua kama mtu mwenye maji kooni. Akamkamata mama yake kiunoni, akavuta. Kitu nacho kikavuta. Kisha kikaachia, wote wawili wakaanguka juu ya mawe.

"Mbona unaninyang'anya?" mama alilia. "Ananipeleka kwake!"

Jioni Eneida akamwita Bi Visitación, mwombezi wa wafu, mwanamke mwembamba mwenye sigara kubwa isiyotoka mdomoni. Bibi huyo aliitazama kompyuta, hakuigusa.

"Umeandika nini humu?"

"Bado sijaandika, bibi. Najitayarisha tu."

"Umempa jina, umempa umri, umempa kazi na chakula anachopenda. Umemjengea nyumba, mlango ukauacha wazi. Halafu unaniambia hujaandika?"

"Ni yeye?" Eneida alinong'ona.

"Labda ni yeye. Labda ni jini la mto lililovaa jina lake. Anayejua ni mama yenu." Akamgeukia Ubaldina. "Comadre, shoga yangu, huyo mwanao akija kesho, muulize jambo lenu la siri, lisiloandikwa popote."

"Nitamuuliza," mama alijibu kwa kiburi, "ili muone haya."

Kesho yake mchana Eneida na Bi Visitación walikaa ukumbini, mlango wa chumba umeegeshwa. Harufu ya tope ikaja, ikajaa mpaka ikawa ya kumezwa. Ndani, maji yakaanza kudondoka.

"Rosember, baba," mama alisema. "Ulipokuwa mdogo, ukigutuka usingizini, nilikuwa nakuimbia nini?"

Ikajibu sauti nzito, iliyolowa. "Nina duka Barranquilla, mama."

"Umeniambia, baba. Nilikuwa nakuimbia nini?"

"Napenda peremende za mapera."

"Mwanangu." Kiti cha bibi kiliacha kubembea. "Hata neno moja la wimbo. Moja tu."

Maji yakadondoka, yakadondoka.

"Njoo, mama."

Eneida alitaka kuingia, Bi Visitación akamshika mkono. Hatimaye kiti kililia, na mama akatokea mlangoni akipapasa ukuta, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Si yeye," alisema. "Eneida, nitafutie nguo nyeusi."

Jioni hiyo Eneida alifungua rasimu. Hakujua waliyomfanyia kaka yake, wala wapi. Akaandika kile anachokijua: *Kaka yangu Rosember alikufa, na hatukumzika.* Nyuma yake kitu kikashusha pumzi ndefu. Hakugeuka. Aliendelea kuandika huku machozi yakimtiririka.

Wakaweka matanga ya siku tisa bila maiti. Majirani walileta kahawa na viti, wanaume wakacheza domino barazani, Bi Visitación akaongoza sala. Mama aliulilia msiba wake wote wa miaka kwa mkupuo, mpaka wanawake wakubwa waliokwisha kuzika wengi wakatoka nje kuficha machozi. Usiku wa mwisho wakavunja madhabahu ya sala waliyoisimamisha sebuleni, wakaondoa maua, wakazima mishumaa mmoja mmoja, na mlango wa mbele ukafunguliwa wazi ili marehemu ajiendee zake.

"Haya, amekwenda," Bi Visitación alisema. "Fungeni."

Eneida alishika kitasa. Mkono wa mama yake ukaja juu ya wake.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Wakangoja. Barabara ilikuwa tupu, upepo mwepesi ukitoka mtoni. Mama alisimama ameelekeza uso wake nje, akisikiliza, midomo yake ikicheza bila sauti kama mtu anayeimba ndani kwa ndani. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Wimbo ulipokwisha, akausukuma mlango mwenyewe, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.