Makubazi ya Hasani

Mshale wa geji ya oili ulianza kulala lori lilipokwisha kuiacha barabara na kuingia njia ya zamani ya mabuldoza, katikati ya pori la Malolo na Mkotokuyana, mahali ambapo hata jogoo wa kuwika hakuna. Shehe aliuona. Akaigonga geji kwa ukucha. Mshale ukatikisika, ukapanda kidogo kama unaomba radhi, kisha ukashuka mpaka chini kabisa. Geji ya pili, ile ya joto, ilikuwa inapanda. Akazima injini, akaliacha lori lijiburute lenyewe mpaka likasimama juani.

"Kuna nini, kaka?" aliuliza Mwanaima.

"Oili."

Mwanaima alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikaa upande wa kushoto, mikono miwili tumboni, nyayo tupu juu ya gunia lililotandikwa chini. Alfajiri ile mkunga wa Malolo alimpapasa, akampapasa tena, kisha akamwita Shehe nje. Mtoto amekaa kinyume, alisema, na hapa kwangu ujanja umekwisha. Mfikishe hospitali ya Nachingwea leo, usingoje kesho. Ndiyo sababu Shehe alikata njia ya porini. Ilikuwa fupi, na tangu ufe Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioichonga, hakuna aliyeipita isipokuwa wanyama.

Hasani, utingo wake, aliruka chini kutoka juu ya magunia ya ufuta na madebe ya mafuta ya ufuta, mzigo wa tajiri. Akafungua boneti bila kuambiwa.

"Wewe, usiguse!" Shehe alimkemea. "Nitapima mwenyewe."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Akakifuta, akakitumbukiza tena, kikatoka kikavu vilevile. Akamtazama Hasani, na Hasani akatazama kijiti. Hapo rejeta ikatapika, maji yakaruka na mvuke na kumwagika mchangani, yakanyonywa kabla hata hawajapata la kusema. Maji ya kunywa yaliyobaki yalikuwa ya chini ya kibuyu, ya mtu mmoja kulowesha koo.

Sasa tuseme habari ya hizo geji, maana shari yote ilianzia hapo. Lori lile lilikuwa la zamani za vita na halikuwa na geji hata moja inayofanya kazi. Pale Nachingwea matrekta ya Mpango yaliyokufa yalikuwa yamelala kwa safu, majani yakiota mpaka kwenye viti, na Shehe akaruhusiwa kufungua vipuri kwenye moja lao. Kufunga geji alikuwa hajawahi. Aliwahi kumwona fundi mmoja akifunga, kwa mbali, naye mwenyewe akila muhogo wa kuchoma. Akaona inatosha. Alichomeka mrija mwembamba wa shaba ubavuni mwa injini, ule unaopandisha oili mpaka kwenye geji, akatoboa kwa msumari lile bati linalotenga injini na viti, akaupitisha. Mpira wa kuuvalisha mrija pale tunduni hakuwa nao. Kwa hiyo akajaza sufi, akaziba juu yake kwa nta ya nyuki, kama kwao wanavyoziba nyufa za mzinga. Ikapendeza kweli. Hakumwonyesha fundi yeyote, asije akafundishwa.

Tangu siku hiyo oili ikawa inapungua. Shehe alitafuta tone chini ya lori, hakuliona. Akawa kila wanapolala anamwaga majivu chini ya injini. Asubuhi majivu makavu, meupe. Oili isiyomwagika inakwenda wapi? Inachotwa. Na anayelala na lori ni nani? Hasani. Kisha siku moja Hasani alishuka pale alipozoea kukaa, upande wa kushoto, na makubazi yake ya tairi yaling'aa oili nyayo nzima. Shehe aliliweka hilo moyoni na kulilea.

"Huko nyuma tumevuka mto," alisema Hasani pale kwenye boneti. "Juu mkavu, lakini chini ya mchanga hauwezi kukosa. Nitachimba."

"Ukishafika huko, si unashika njia ya kwenu moja kwa moja?"

"Kwetu ni upande huu, kaka Shehe. Mto ni ule."

"Vua makubazi."

Hasani hakuelewa mara moja. "Ardhi ya moto hii."

"Ndiyo maana utarudi."

"Kaka!" Mwanaima alisema kutoka ndani. "Hiyo si haki."

Hasani alivua. Aliyaweka makubazi kwenye kivuli cha gurudumu, moja kando ya jingine kama mtu anayeingia msikitini, akachukua debe tupu na jembe, akaondoka akiruka kutoka kwenye jani hadi kwenye jani.

Jua likasimama juu ya pori. Miyombo haikuwa na jani la maana, kivuli kilikuwa mistari tu. Shehe alimnywesha Mwanaima yale maji ya kibuyu kwa kifuniko, kidogo kidogo, yeye mwenyewe akilamba midomo iliyopasuka. Uchungu ulimjia Mwanaima, ukamwacha, ukamjia tena, na kila ulipomjia aliuma upindo wa kanga asipige kelele.

Shehe alipanda mti kutafuta moshi wa shamba. Hakuuona. Alishuka, akaona nyayo za simba katika vumbi la njia, pana, kingo zake bado hazijapeperushwa na upepo. Akamfungia dada yake mlango na kuchukua panga. Lakini akili yake haikukaa kwa simba, ilikuwa kwa Hasani. Labda ana mwenzake huku porini, alijiambia. Labda oili yote wameificha karibu hapa. Akapanda juu ya mzigo, akachokonoa kila gunia kwa spoku ya baiskeli. Hakupata kitu, na kule kutopata kukamzidishia shaka: mwizi gani huyu hodari namna hii!

Jua likaanza kuinama. Upande wa mto tembo mmoja alipiga baragumu, kisha wengine, kisha kimya. Hasani hakurudi.

"Amekimbia," alisema Shehe.

"Bila viatu?" Mwanaima alijibu kwa tabu. "Kaka, nipanguse miguu. Nataka kujikaza, inateleza."

Shehe alifungua mlango, akainama, akashika kisigino cha dada yake. Kilimponyoka. Alipotazama kiganja chake kilikuwa kimepakaa oili, nyeusi, yenye chembe za mchanga. Akaipeleka puani. Akautazama wayo wa pili, nao ulikuwa hivyohivyo. Mwanaima alikuwa amepakiwa humo alfajiri, miguu safi, na hakushuka hata mara moja.

Akayageukia makubazi pale kwenye gurudumu.

Alilivuta gunia la chini. Lilikuja zito, limelewa oili. Akapapasa chini ya dashibodi, akaichomoa sufi. Ilitoka imelowa tepetepe, na ile nta nzuri ilikuwa imeyeyuka zamani kwa joto la injini, imebaki utando tu. Mrija ulikuwa umelala kwenye ukingo mkali wa bati, ukisuguliwa kila lori likitikisika, hata umepata ufa mwembamba kama unywele. Oili ilipanda kwenda kwenye geji, ikavujia kwenye sufi, ikateremka kwenye gunia, na hakuna tone lililofika kwenye majivu. Mwizi alikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Alitaka kuyachukua makubazi na kukimbia nayo mtoni, lakini nani angebaki na Mwanaima? Akasimama katikati ya njia na kuita, "Hasani! Hasani ee!" Pori halikumjibu. Akarudi, akatwaa koleo, akaukata mrija karibu na injini, akaukunja mara mbili na kuuponda mpaka shaba ikashikana.

Hasani alitokea upande ule ule aliosema, debe kichwani, matawi mabichi ndani yake maji yasiruke. Alikuwa anatembea kwa visigino.

"Tembo walikuwa wamenitangulia," alisema. "Walichimba wao, mimi nikakaa mtini mpaka walipotosheka. Dada anywe kwanza."

Mwanaima alikunywa. Shehe alipiga magoti mchangani, akaushika mguu wa Hasani. Nyayo zilikuwa zimebabuka, na mwiba wa mgunga ulikuwa umezama wote. Aliung'oa kwa meno ya koleo lile lile.

"Oili hukuiba," alisema bila kuinua uso.

"Nani alisema nimeiba?"

"Mimi. Moyoni."

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kumwaga majivu. Hakuna dereva anayemwaga majivu chini ya injini kwa kumpenda utingo wake."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Shehe alivua viatu vyake, akamfunga Hasani miguu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, akamvisha. Viatu vilikuwa vikubwa, na hilo likafaa.

"Maji ya rejeta yapo," alisema kisha. "Oili ndiyo hatuna. Ile ya kwenye gunia ni mchanga mtupu."

Hasani alitazama juu ya mzigo. "Na ya ufuta?"

"Mafuta ya tajiri hayo."

"Tajiri hazai leo."

Mwanaima alicheka, na kicheko kikamalizikia kwenye mlio wa uchungu. Hapo hapakuwa tena na mjadala. Walimimina mafuta ya ufuta kwenye injini mpaka kijiti kikatoka kimelowa, wakaijaza rejeta, na Shehe akapiga hendeli. Injini ikakohoa, ikashika.

Geji ya oili sasa ilikuwa imekufa. Mshale umelala sifuri, hauna la kusema. Hasani akapanda juu ya madigadi ya mbele, akashika ukingo wa kioo cha mbele kwa mkono mmoja na kutega sikio kwenye boneti. "Nikiinua mkono, zima. Nisipoinua, twende."

Wakaenda. Shehe aliendesha pekupeku, pedali zikimchoma nyayo, naye akaona anastahili. Hakuitazama geji. Aliutazama mkono wa Hasani mbele ya kioo. Kwenye mabonde injini ilinguruma vibaya, na mara moja mkono ulinyanyuka; Shehe akazima papo hapo, hakuuliza. Wakangoja ipoe huku Mwanaima akisoma shahada kwa sauti ndogo. Mkono ukashuka, wakaondoka tena. Mafuta ya ufuta yalipopata moto, harufu ya vitumbua ilitanda porini, na pengine ndiyo iliyomshangaza simba akawaacha wapite.

Waliingia Nachingwea wakati wa adhana ya magharibi. Wauguzi walimpokea Mwanaima mlangoni, wakamlaza kitandani. Shehe na Hasani walikaa kwenye ngazi za hospitali, mmoja na viatu vilivyomzidi, mwingine bila viatu. Muuguzi alipotoka kusema ni mtoto wa kike, na mama yake anaomba chai, Shehe alimshika Hasani bega, akalia mbele za watu.

Baadaye fundi alimpa mpira wa kuvalisha mrija, na Shehe akafundishwa mambo yote bila kubisha. Lakini geji ile ya oili hakuiunganisha tena. Ilibaki pale kwenye dashibodi, mshale chini kabisa, na kila abiria mgeni aliyeketi mbele aliiona na kushtuka.

"Dereva, oili imekwisha!"

"Ah," Shehe alijibu, macho njiani. "Muulize Hasani."