Aliyejibu Kutoka Thelujini

Chai ya Sumbul ilikuwa imeganda. Jiko la chuma lilinguruma katikati ya chumba, watu wamevua masweta, na kikombe mbele ya mtoto yule wa miaka saba kilikuwa na barafu juu.

"Mbona hunywi, mwanangu?" mama yake, Durjahan, aliuliza.

"Ya moto mno, mama."

Durjahan alikimwaga haraka kabla mama mkwe hajaona. Tangu juzi, waliporudi matembezini, kazi yake ilikuwa kuficha: nyayo za maji sakafuni, harufu ya moshi wa mwerezi katika nywele za mtoto, ule mkono uliokataa kupata joto.

Kila mwaka miaprikoti ikichanua, ukoo mzima hutoka. Kwanza ngomeni, wakale mikate juu ya baraza la watawala wa zamani. Halafu msitu wa mierezi. Halafu ukingo wa theluji, watoto wapate ya kuchanganya na maziwa. Ukishaipita mierezi, jina la mtoto halitajwi. Unapiga makofi au mluzi. Huko juu wanakaa mapari, majini wa theluji, na jina ukilirusha wanalidaka. Asubuhi ya matembezi ya juzi mama mkwe alimwonya Durjahan mbele ya wifi yake, Nigar.

"Wewe mdomo wako hauna breki. Huko juu ufunge."

Aliufunga mpaka alipogeuka na kumkosa mtoto. Moyo ukamruka, akapiga kelele: "Sumbul!"

Walimjibu wawili. Mmoja nyuma ya jiwe, hatua kumi tu; mwingine mbali, juu kwenye theluji tupu. "Naam, mama!" Sauti ile ile. Aliyekuja mbio alitoka juu. Nyuma ya jiwe kulikuwa na nyayo ndogo, tatu, kisha hakuna kitu. Wengine walikuwa chini wakikusanya vyombo. Nigar peke yake ndiye aliyesikia, naye alinyamaza.

Siku ya tatu mume wake, Didar, alimshika mtoto shavu, akatoka. Alirudi adhuhuri na Shifa, fundi wa magari ambaye pia huzungumza na mapari. Shifa hakunawa hata grisi. Aliwasha matawi mabichi ya mwerezi, akainamisha uso ndani ya moshi, akavuta, akavuta tena, akaanza kuyumba na kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na yule aliyekaa pembeni kwa umbo la Sumbul akaanza kuitikia, taratibu, kwa sauti nzito ya mwanamke mkubwa, huku madirisha yakiota barafu kwa ndani na jua linawaka nje.

"Huyu si wenu," Shifa alisema akikohoa. "Wenu yuko juu, mzima. Aliyemwita akamwite tena kesho, pale pale, maua hayajapukutika. Mara moja tu. Nani aliita?"

Mama mkwe alikuwa akimtazama Durjahan.

"Wifi Nigar," Durjahan alisema.

"Wifi!" Nigar alinong'ona. "Angalia unachosema. Ni mwanao yule."

"Si ulimwita wewe? Nilikusikia."

"Tasa mkubwa!" mama mkwe akamrukia binti yake mwenyewe. "Umemwonea kijicho mtoto wa mwenzio!"

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa bado ipo. Durjahan aliiona, akaiacha ipite. Alijiambia kwamba jina ni jina, haidhuru limetoka kinywa gani. Aibu ilimtia ujinga, na mimi simwonei huruma.

Kesho yake Nigar alisimama kando ya jiwe, machozi yakimtoka, akaita kwa nguvu zake zote. Kisha huko juu mtoto akajibu, sauti ikitetemeka kwa baridi:

"Shangazi? Namtaka mama. Mama ndiye aliyeniita."

Durjahan alipiga ukelele, akaita jina mpaka koo likatoa damu. Mlima haukujibu tena. Waliporudi nyumbani walimkuta yule mwingine amesogea karibu na jiko, amekaa mahali pa Sumbul, anatabasamu.

Nigar alihama, hajarudi. Didar hali na mkewe sinia moja. Miaka minne imepita na viatu vya yule mwingine bado ni vile vile, vinamtosha.

Miaprikoti ikichanua, asubuhi jua likiwa kali, sauti hushuka kutoka thelujini hadi uani: "Naam, mama! Naam!" Durjahan huacha kukanda, unga ungali mikononi, akasimama dirishani akilia.

"Funga dirisha, mama," yule wa ndani humwambia kwa upole. "Kuna mtoto wa watu anapiga kelele."

Naye hulifunga.