Nywele za Mbele za Wigi la Mama

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo nyumbani, Kioo alikwenda kusaidia kazi katika saluni ya mama yake mdogo. Alifagia nywele zilizoanguka, akaosha vitana kwa maji ya sabuni na kukunja taulo. Jina la Kioo alipewa na wateja, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili hakuchoka kutazama nyuso za watu.

Mama mdogo alikuwa msusi hodari, wala hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alimfundisha kwamba kabla ya kukata nywele za mbele, zile zinazoangukia paji la uso, msusi hutazama kwanza umbo la uso. Uso mrefu hupendeza nywele zikishuka moja kwa moja hadi kwenye nyusi. Uso wa duara hutaka nywele zilale upande na paji lichungulie kidogo, la sivyo uso huzidi kuwa mviringo. Kioo aliyashika maneno hayo kama kasuku, akawa anayamwaga hata shuleni. Rafiki yake mmoja alimnunia kwa kuambiwa kwamba ana uso wa yai.

Nyumbani kwao mwaka huo ulikuwa mzito. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliugua sana, na dawa kali alizopewa hospitalini zilimwondolea nywele zote. Sasa alikuwa amepona, na daktari alimruhusu kurudi kazini Jumatatu. Lakini mama aliona haya. Alishinda amejifunga kitambaa kilichoteremka hadi karibu na macho, hata akiwa jikoni, na alisema hatasimama mbele ya wanafunzi mpaka apate wigi la kumfaa. Kioo alitamani Jumatatu hiyo kuliko sikukuu yoyote. Alimkumbuka mama wa zamani, aliyetoka asubuhi akiimba na chaki mfukoni.

Wigi likapatikana. Mama na mdogo wake walijifungia chumbani wakanong'ona, kisha mama mdogo akalipeleka saluni na kukivika nalo kichwa cha plastiki. Nywele za mbele aliziacha ndefu, zimenyooka hadi usawa wa nyusi. Jumamosi hiyo, fundi cherehani wa mlango wa pili alipita asubuhi kujaribu mawigi mawili matatu, kama kawaida yake, akacheka na kwenda zake. Baadaye mama mdogo naye akatoka kwenda kununua nyuzi za kusukia.

"Dada atakuja alasiri kujaribu wigi lake," alimwambia Kioo. "Usiliguse."

Kioo alilitazama wigi lile, akaufikiria uso wa mama yake, duara tupu. Je, mama mdogo alikuwa amesahau mafundisho yake mwenyewe? Kwa nywele zile mama angefanana na sufuria lililofunikwa, na watoto wangemcheka. Basi Kioo akachukua mkasi. Alikata kidogo, upande mmoja ukapanda. Akasawazisha, upande wa pili ukapanda zaidi. Akasawazisha tena. Alipoweka mkasi chini, nywele zilikuwa zimeishia katikati ya paji. Kwa macho yake kazi ilikuwa safi, akafagia vipande na kukaa kungoja sifa.

Mama alifika pamoja na mdogo wake, na huyu akiwa bado anapanga nyuzi alizonunua, mama akaingia na wigi nyuma ya pazia. Kisha sauti yake ikasikika, nyonge. "Si ulisema utaziacha ndefu?"

Mama mdogo alivuta pazia, na Kioo akaona. Mama hakuwa na nyusi. Zile dawa zilizochukua nywele zilichukua na nyusi pia, na juu ya macho yake palikuwa peupe, hapana hata unywele mmoja. Ndiyo maana kitambaa kilishuka chini, na ndiyo maana nywele za mbele zilihitaji kuwa ndefu.

Mama alilivua wigi polepole. "Haya. Nitawaambia wasinisubiri Jumatatu."

Mama mdogo aligeuka. "Nani amekata hizi nywele?"

Hofu ikamtangulia Kioo mdomoni. Alisema labda ni fundi cherehani, maana ndiye aliyekuwa akijaribu mawigi. Mama mdogo alichukua mtandio wake, akaelekea mlangoni kwenda kumkabili jirani. Kioo alitazama mikono ya mama yake ikifunga tena kitambaa, akaona kwamba sasa angeumiza watu wawili kwa mkasi mmoja.

"Rudi, mama mdogo," alisema akilia. "Ni mimi. Nilidhani namsaidia. Uso wa mama ni wa duara."

Mama mdogo alirudi, akauweka mtandio chini. Alimwambia Kioo kwamba angemgombanisha na jirani mwema kwa neno moja la uongo, na nywele za wigi hazioti tena. Kioo aliinamisha kichwa. Hapo mama akamvuta karibu, akakivua kitambaa mwenyewe.

"Na mimi nilikuficha," alisema. "Nitazame sasa."

Mama mdogo alilichukua wigi, akatafuta njia. Alifungua mstari upande mmoja, akavuta nywele ndefu za utosini zikaja mbele, akazilaza kwa mshazari juu ya zile fupi. Alimvika mama wigi, akazikata usoni mwake, kidogo kidogo, akimwuliza kila mara kama zimetosha. Zilifunika pale pasipo na nyusi, na zikalala upande kama uso wa duara unavyotaka. Mama alijitazama, akatabasamu.

"Kanuni uliijua, Kioo," mama mdogo alisema. "Lakini kuona umbo la uso si kujua aliyoyabeba mwenye uso. Muulize kwanza, ndipo ushike mkasi. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Jumatatu asubuhi Kioo alimbebea mama mkoba wake hadi lango la shule. Mama alisimama, akazigusa nywele za mbele.

"Zimekaaje?"

Kioo alikuwa na jibu tayari, akalimeza. "Wewe unazionaje, mama?"

"Mimi nazipenda," mama alisema, akaingia.