Rangi Juu ya Maji

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ulikuwa umefika kijijini, karibu na Naliendele. Hashimu alitangulia shambani na pampu yake ya mota. Mkewe, Shamimu, alibaki kuchota maji, binti yao Aida akiwa bado amelala. Alijifunga mtandio mwepesi usoni, maana dawa ya mikorosho huwasha macho.

Kulikuwa bado na giza. Akatazama taa ndogo ya sola, mbali kwa jirani yao Esta. Taa ilizungukwa na madoa mekundu, ya kijani na ya buluu. Shamimu akashtuka. Alipofika kisimani akashusha mtandio, akachota. Kulikuwa kumekucha sasa, na juu ya maji ya ndoo kulikuwa na rangi vilevile.

Aliamini sumu imemwingia machoni na atapofuka. Akakimbilia kwa Esta, bibi shamba wa kijiji.

Esta aliiwasha ile taa ndani gizani, akamwambia aitazame kwa mtandio, kisha bila mtandio. Bila mtandio, rangi zilipotea. Shamimu akacheka kwa nafuu. Akasema basi hata maji ni mazima.

Esta hakucheka. "Ndoo uliitazama kwa mtandio, mama Aida?"

"Hapana. Nilikuwa nimeushusha."

"Basi hayo ni mambo mawili. Mwanga husafiri kama mawimbi. Ukipita kwenye vitundu vidogo vya kitambaa, unapinda na kutawanyika. Huo ni mchepuko wa mwanga. Ukitoa kitambaa, rangi zinaondoka."

"Na za kwenye maji?"

"Hapo kuna utando mwembamba, kama wa mafuta. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya utando, mwingine kutoka chini yake. Miali hiyo ikikutana, baadhi ya rangi zinapata nguvu, nyingine zinafifia. Huo ni mwingiliano wa mwanga. Rangi hazisemi ni sumu gani. Zinasema kuna kitu juu ya maji."

Shamimu akakumbuka kwamba jana jioni Hashimu aliosha pampu kando ya kisima. Wengi hapo hufanya hivyo kwa sababu maji yako karibu.

"Jana usiku Aida alikunywa maji ya kisima hicho," alisema, akageuka kukimbilia nyumbani.

Esta alimkataza kumtapisha mtoto. Akamwambia abebe chupa ya dawa ya mikorosho ili mganga aione. Wakamchukua Aida nyumbani, wakapanda bodaboda hadi zahanati, Shamimu akimkumbatia bintiye na kuogopa kila mtoto alipofumba macho.

Hashimu alipopata habari alifunga kisima kwa mbao. Aliwazuia majirani wasichote mpaka watu wa maji wapime. Pampu akaihamishia mbali na maji yote, na tangu siku hiyo huioshea shambani.

Wahudumu wa zahanati walimwangalia Aida kutwa nzima. Shamimu hakuondoa mkono kifuani pa bintiye. Jioni mtoto alifumbua macho.

"Mama, nataka uji," alisema.

Shamimu alilia kwanza, ndipo akaenda kuutafuta.