Sisimizi Kisiwani

Kila asubuhi, kabla ya wageni kushuka melini, kazi ilikuwa ile ile. Viatu vilisuguliwa kwa brashi ndani ya beseni la maji ya dawa, mifuko ya suruali ikapinduliwa nje, na mikoba ikakung'utwa juu ya turubai. Msichana aliyekuja likizo kwa shangazi yake alisaidia kusugua viatu. Shangazi ndiye aliyewaongoza wageni visiwani, na hakuna aliyeingia kwenye boti ndogo kabla hajakaguliwa naye.

Mabaharia walimpachika msichana jina la Kiguu na Njia, nao hawakumwonea. Akiwa sitaha ya juu, anataka kwenda chini; akifika chini, anauliza nanga itatiwa lini. Siku hiyo ndiyo hakushikika kabisa, maana wangepanda mlima wa volkano hadi ukingoni mwa shimo lake, wauone moshi ukitoka. Kila kiatu alichosugua alikiona kama kinamchelewesha. Shangazi alipomuuliza kama mkoba wake umeshakung'utwa, alijibu, “Tayari, shangazi,” huku mguu mmoja ukiwa ngazini. Shangazi akamwamini. Mkoba ulikuwa haujaguswa tangu jana, na ndani yake mlikuwa na kipande cha mkate.

Kisiwani ardhi ilikuwa nyeusi, na mawe yalikatika kwa mlio chini ya viatu. Ndege weupe walilalia mayai chini, pale pale njiani, wakiwatazama watu bila kukimbia. Shangazi alieleza kwamba kisiwa hicho hakina sisimizi hata mmoja. Kwenye kisiwa cha jirani, kile walichokitembelea jana, sisimizi walifika wakiwa ndani ya mizigo ya watu, wakawala vifaranga wachanga viotani, na sasa huko hakuna ndege tena.

Walipopumzika, msichana aliuweka mkoba chini, akaufungua atoe mkate. Mkate ulikuwa umejaa sisimizi. Wengine walikuwa wameshaanza kuteremka kwenye mkanda. Hatua chache tu kutoka hapo, kifaranga asiye na manyoya alikuwa akihema.

Aliufunga mkoba upesi. Moshi wa mlima ulikuwa ukionekana. Akisema, wote watarudi melini, kwa kuwa ndiyo sheria ya visiwa vile. Akinyamaza, atafika juu. Alipiga hatua, akajiambia kwamba ni wachache, watakufa kwa jua. Akapiga nyingine, akageuka. Njia aliyoitamani safari nzima sasa ilimkera. Mwishowe alimkimbilia shangazi.

“Mkoba wangu una sisimizi,” alisema. “Nilikudanganya. Sikuukung'uta.”

Shangazi hakumfokea. Alimuuliza jambo moja tu: “Uliuweka chini wapi?”

Mkoba ulitiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukafungwa kabisa. Kisha wote wakapiga magoti, wakapekua jiwe baada ya jiwe. Mzee mmoja alinung'unika kwamba amejinyima miaka mingi ili auone mlima ule, na sasa amekuja kuwinda wadudu. Lakini ndiye aliyetoa chupa yake ya chai ya moto, wakaimwaga kwenye ufa ambamo sisimizi walikuwa wakiingia. Shangazi alipaweka alama mahali hapo, akaahidi kurudi na walinzi wa visiwa kutega chambo mpaka wawe na hakika kwamba hakuna sisimizi aliyebaki.

Kisha wakapanda boti kurudi melini. Msichana aliwaomba radhi wageni huku akilia, na aibu ikamshika asijue aangalie wapi. Mzee alimtazama.

“Yule kifaranga tumemwacha mzima?” aliuliza.

“Mzima, babu.”

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageukia baharini.

Shangazi alisogea, akaketi karibu na msichana. “Umetukosesha mlima, na imeniuma, sitakuficha,” alisema. “Mimi pia nimekosa, maana nilipaswa kuukagua mkoba wako kama wa mtu mwingine. Lakini shika hili, mwanangu. Ukishasema uongo, usiulinde. Useme ukweli mapema, wakati bado kuna cha kuokoa, hata kama utakosa ulichokitamani. Mlima tutaupanda siku nyingine. Lakini wale ndege kama wangeliwa, tusingewapata tena.”