Joho la Brijita na Kikwembe cha Mama

"Kitambaa hakikui, Agnès. Ukikifua kinaweza kurudi. Kukua, hapana."

Darasa zima likacheka. Agnès alibaki amesimama mbele na karatasi yake mkononi, uso ukimchoma. Aliyesema hivyo hakuwa mtu baki. Alikuwa Ezéchiel, mwanaume ambaye Agnès alikuwa akimpikia fufu kila Jumamosi, na ambaye Jumapili ile alikuwa amtume mjomba wake kuja kupanga tarehe ya ndoa.

Lilikuwa darasa la jioni la Kiingereza, ukumbini mwa parokia kule Bellevue, Johannesburg. Wanafunzi wote watu wazima: wasusi, mafundi cherehani, walinzi. Mwalimu wao, Sista Carmel, mtawa mzee kutoka Ireland, alikuwa amewapa wapenzi hao wawili kazi ya kusimulia hekaya ya Wakelti wa kale siku ya sikukuu ya Mtakatifu Brijita, Jumapili ileile, na jioni hiyo walikuwa wakifanya mazoezi. Brijita alimwomba mfalme ardhi ya kujenga nyumba ya watawa. Mfalme akakataa. "Basi nipe panapofunikwa na joho langu," akasema. Mfalme akacheka, akakubali. Wasichana wanne wakashika pembe nne za joho wakakimbia, nalo likatanuka mpaka likafunika malisho yote.

"Mimi naamini Mungu alilitanua," Agnès alikuwa amesema.

"Mimi nimekwenda maktaba," Ezéchiel akajibu, kidole juu kama wakili. "Maandishi ya kwanza tuliyonayo kumhusu yaliandikwa zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake. Hili la joho limeingia baadaye. Na wako wataalamu wanaosema jina lenyewe lilikuwa la mungu wa kike wa Wakelti. Watu huongeza chumvi! Hata kwetu Kivu, kila familia ina kikwembe chake, kitenge cha muujiza."

Watu wakacheka tena. Agnès akaketi. Sista Carmel peke yake hakucheka.

Langoni, Ezéchiel akamkimbilia.

"Chérie, mbona unatembea hivyo? Ni mjadala tu."

"Habari ya kikwembe uliipata wapi?"

Ezéchiel akaanza kukunja karatasi yake.

"Nakuuliza, Ezéchiel. Nilimwambia nani katika Johannesburg hii yote?"

"Mimi," akasema polepole.

"Wewe peke yako. Watoto watano chini ya kikwembe kimoja cha mama, kwenye mihogo nje ya Uvira, wanajeshi wanapita bila kutuona. Nilipokusimulia nililia. Unakumbuka uliniuliza nini?"

"Niliuliza walikuwa wangapi."

"Na ilikuwa saa ngapi! Leo umenifanya kichekesho. Jumapili usimlete mjomba wako, Tonton Placide."

"Agnès!"

"Nitamwambia kaka Ruphin asingoje mgeni. Usiku mwema."

Kesho yake asubuhi, saluni, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Murielle, msusi mwenzake, akaidaka kabla yake.

"Loo! Huyu ameandika kama yuko kazini. Sikiliza: 'Saa 1:10 asubuhi. Mlinzi amefika. Hali ya lango: salama. Hali ya mlinzi: mbaya sana.'"

Mteja aliyekuwa akisukwa akacheka mpaka kichwa kikatikisika.

"Tulia, mama, nitakukata sikio," Agnès akasema, naye akijizuia asitabasamu.

"Mjibu basi."

"Sijibu."

"Yaya, dada yangu, mwanaume wa watu ni mlinzi wa mchana kwenye lango la maghorofa. Kutwa anaandika gari namba fulani limeingia, saa fulani. Akili yake imekaa hivyo. Humpendi?"

"Nampenda. Ndiyo maana inauma. Nitaolewaje na mtu ambaye kila nikimwambia Mungu amenitendea jambo, ataomba ushahidi?"

Murielle akamrudishia simu. Siku hiyo Agnès alisali rozari yake akiwa anasuka, fungu la nywele moja, Salamu Maria moja. Hakuomba Ezéchiel abadilike. Aliomba tu aonyeshwe kama huyo ndiye.

Jumamosi ujumbe mwingine ukaja: "Nimesoma tena sheria za daftari la matukio. Nimekosa. Kesho nitasema mbele ya watu walewale."

Hakujibu. Lakini usiku huo alipiga pasi gauni lake la bluu.

Jumapili baada ya misa ukumbi ukajaa. Agnès alisimulia sehemu yake kwa Kiingereza chake cha taratibu, mfalme, joho, wasichana wanne. Kisha Ezéchiel akapanda jukwaani, suti imembana mabegani, mkononi daftari la shule.

"Mimi ni mlinzi," akaanza. "Nimepewa sehemu ya historia. Historia inasema hatuna mtu aliyeandika siku ile ile kwamba aliona joho likitanuka. Hilo ni kweli, na silifuti."

Agnès akainamisha kichwa.

"Lakini kazini tuna daftari. Nilichokiona kwa macho yangu naandika: nimeona. Nisichokiona, akija mtu akaniambia, siruhusiwi kuandika kwamba ni uongo. Naandika: imeripotiwa na fulani, kisha jina lake. Mlinzi akikata maneno ya shahidi kwa sababu tu hakuwepo, anafukuzwa kazi."

Akafunua ukurasa.

"Ireland sikuwepo. Na mahali pengine pia, ambapo nilimcheka shahidi mbele yenu, sikuwepo. Shahidi yule alinipa jambo lake nilitunze, mimi nikalitoa nje. Naomba anisamehe. Joho lilitanuka: imeripotiwa na watu wa Brijita, ambao hawajaacha kuripoti mpaka leo."

Sista Carmel akawa wa kwanza kupiga makofi, akijifuta macho kwa ukingo wa shela.

Nje, Agnès alimkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Umesema vizuri."

"Suti ilikuwa karibu kupasuka."

"Niliiona." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Na mimi nina la kusema. Siku zote nasema wanajeshi walikuwa mia. Ezéchiel, sijui walikuwa wangapi. Nilikuwa na miaka saba, nimefumba macho. Nilisikia viatu tu. Na mama akisali masikioni mwetu, kwa sauti ndogo kabisa."

"Basi niandike viatu?"

"Andika viatu. Na andika kwamba kikwembe kilitutosha wote watano. Hilo sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani."

Ezéchiel akamshika mkono, hakuuliza swali hata moja. Wakakaa hivyo mpaka Agnès akakumbuka kitu.

"Na tonton wako, umemwambia asije?"

Ezéchiel akatazama viatu vyake.

"Yuko kwenye gari, pale kwenye robot, zile taa za barabarani za pili. Nilimwomba asishuke mpaka nimwite."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi na mbili."

"Eish! Mzee wa watu katika jua hili, kutoka kote kule Turffontein! Mwite haraka, nami nimwambie kaka Ruphin aweke viti."

Ezéchiel hakukimbia kwanza. Alifungua daftari, akatazama saa yake, akaandika kwa herufi kubwa huku akitamka: "Saa sita na nusu mchana. Amekubali."

"Umeona wapi kwamba nimekubali?"

Kalamu ikasimama hewani. "Sijaona. Imeripotiwa na nani?"

Agnès akamnyang'anya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, lote, pamoja na lile la ubatizo, kisha akatia sahihi.