Somo la Visima Tulilolifuta

Jamaa zangu, mimi Bi Mwana ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu, hapa kisiwani Pate. Haya ninayowasimulia tuliyaleta kwa mikono yetu wenyewe, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho.

Asubuhi ya siku ya mkasa, nyumbani kwa jirani yangu Athman palikuwa shwari. Mkewe Hadia alikuwa uani akisuuza chupa ya mtoto, binti yao Huwaida akijifunga mtandio wa shule, na Ayman, kitoto cha miezi mitatu, amelala. Maziwa ya Hadia yalikatika baada ya homa, hivyo Ayman akinywa ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya kisima chao.

Mvua zilikuwa zimetukimbia misimu miwili. Kisima kilipopungua, Athman akafanya kama wazee wake: akasoma Fatiha, akaita wachimbaji, wakaongeza dhiraa tatu kwenda chini. Maji yakaja mengi. Tukala halua, tukampongeza. Hakuna aliyejua kwamba katika visiwa kama vyetu maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, na ukizidi kuchimba unaifuata chumvi.

Hakuna? Nasema uongo. Mwalimu Nkatha, binti wa Meru, alijua. Alikuwa amechoka kufundisha mabadiliko ya tabianchi kwa picha za milima ya barafu. Akawaambia watoto kila Alhamisi walete chupa ya maji ya kisima cha nyumbani, wayapime chumvi kwa kipimo chake kidogo, waandike. Baada ya wiki tatu Athman, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano.

"Wana wetu wamezawa na visima hivi," akasema. "Yeo chupa, kesho atawapeka pwani wakahesabu kaa. Na asomeshe ya mtihani!"

"Bwana Athman, bahari inapanda na mvua zinapungua," Nkatha akamsihi. "Visima vitaharibika kimyakimya. Nipeni muhula mmoja tu."

"Hata mmoya hatuna," Athman akasema.

Tukapiga kura ya kulifuta somo, likafutwa. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka, na naona haya kuwaambia.

Ulimi huzoea, jamaa. Chumvi ilizidi kidogo kidogo, sisi tukasema chai imekolea. Ayman hakuwa na la kusema. Alilia kwa kiu, akapewa chupa. Akanywa, akalia zaidi, akapewa nyingine.

Adhuhuri ya siku ile ya mkasa Hadia akapiga ukelele ulionitoa jikoni kwangu mbio. Nilimkuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, midomo imekauka. Nikamfunga kwenye kanga, tukamkimbiza zahanati.

"Mwanangu afa! Bi Mwana, mwanangu afa!"

Muuguzi wa zahanati alimtazama mara moja tu, akasema, "Amu, sasa hivi." Athman na Huwaida wakatukuta gatini, sote tukapanda boti itupeleke hospitali kubwa ya ng'ambo. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na katika mkondo wa Mkanda boti ikakwama matopeni, katikati ya mikoko. Tukakaa kungoja maji yajae. Kila Ayman alipotulia tulidhani ameondoka. Alipokakamaa tena tulimshukuru Mungu kwamba yu hai. Sijapata kuona saa mbili ndefu kama zile.

Huwaida akamgeukia babake. "Baba, chumvi ya kisima chetu ilikuwa ikipanda kila wiki. Mwalimu alisema tupime mara moya tena, ndipo aje kukwambia. Ndipo mukamkataza."

 Athman alijifunika uso kwa kilemba chake.

Hospitalini Amu daktari alikuta chumvi imezidi katika damu ya mtoto, akauliza maji ya maziwa yanatoka wapi.

"Kisimani," Hadia akasema. "Lakini huyachemsha, daktari! Huyachemsha sana!"

"Kuchemsha huua vijidudu, Bi Hadia. Chumvi haifi. Maji yakipungua sufuriani ndipo inapozidi ukali."

Ayman hakufa, alhamdulillahi. Leo ana mwaka na nusu. Mkono wake wa kulia hauinuki, na ukimwita jina hageuki. Hadia bado humwita.

Siku waliyorudi, Athman alikwenda shuleni, akamwomba Nkatha radhi mbele ya darasa zima. Somo limerudi. Visima vitatu vya kijiji tumeshavifunga.

FUNZO

Wazazi wenzangu, msidhani mabadiliko ya tabianchi ni habari ya nchi za mbali. Yameshaingia visimani mwetu na katika chupa za watoto wetu. Ukame tulipewa, ujinga tuliuchagua wenyewe kwa kura. Mwalimu anayewafunza watoto kuipima ardhi yao hapotezi muda wa mtihani, anawalinda. Kesho mtoto wako akichukua mkoba, muulize maji ya nyumbani yanatoka wapi na ni nini kinachoyatishia. Akikosa jibu, usimgombeze. Nenda shuleni wewe, kabla kamati yenu haijakutana.